Ndege Yako Ilipanda Siku ya Sabato

Tata,

Ndege yako iko juu.

Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, baba yangu. Ningeanza na salamu, nikaja kwenye chai, nikaja kwenye ng'ombe, ungeruka yote hayo ukitafuta mahali nilipoitaja ndege. Basi umeshajua: inaning'inia katika ukumbi mpya wa chuo cha ufundi, haijaanguka, haijamvunja mtu. Sasa tulia nikueleze, wala usinikatize. Hii ni mara ya kwanza nakueleza jambo nikiwa na hakika kwamba hutanikatiza, na sijui kama hilo linanifurahisha au linaniliza.

Sisi hatujambo. Mama hajambo, ila goti, na goti lake unalijua. Chai ya upande wa mto tumeipogoa na imechipua ule ukijani uliokuwa ukienda kuutazama asubuhi bila sababu, mikono nyuma, kama mkaguzi aliyetumwa kutoka kiwandani Itumbe. Kaburi lako limeota nyasi vizuri. Mama amewakataza ng'ombe kulikaribia, nao kwa ajabu wamemsikia. Vitu ulivyovifunga kwa waya bado havijafunguka. Sikuwahi kukwambia watu walivyokuwa wakitucheka kwa hilo: lango, banda la kuku, mkono wa sufuria ya Mama, hata miwani yako, vyote ulivizungushia waya mwembamba ule unaofungiwa bolti za ndege zisilegee angani. Juzi nilitaka kubadilisha bawaba za banda la kuku. Nilitoka jasho kuukata waya ule, na kuku wenyewe walisimama kunishangaa.

Nirudi kwenye ndege.

Ulituacha ikiwa uchi. Rangi yote ya zamani ilikuwa imeshatolewa, ndege imesimamishwa juu ya vigingi nyuma ya chuo, inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Wewe ndiye uliyesema isipakwe kitu mpaka kutu yote nyeupe iishe. Kutu ya alumini, ulisema, ni kama umbea, ukiufunika unaendelea chini kwa chini.

Nakumbuka siku ya kwanza tulipokwenda kuitazama. Jeshi la anga lilikuwa limeistaafisha na kukipa chuo ili wanafunzi wajifunzie, lakini hakuna aliyejua la kuifanya. Ilikuwa imekaa nyasini kando ya uwanja wa mpira pale juu ya Nyaramba, matairi yamekufa, mbuzi wa jirani wakijikinga mvua chini ya mabawa. Ulikuwa umevaa koti lako la kanisani. Uliinama, ukaingia chini ya tumbo lake, ukapapasa hapa, ukapapasa pale, halafu ukatulia. "Kemunto," ukaniita, "hiki kiraka nilikipiga mimi." Nikainama nami, nikakiona, kidogo kama kiganja, misumari yake ya ribiti imejipanga kama watoto wa shule asubuhi. Ulikuwa umeifanyia kazi ndege ile ile kule Nanyuki, ukiwa fundi kijana wa jeshi ambaye bado hajaoa. Ulitoka pale chini na nyasi kwenye koti, ukajifanya macho yamewashwa na vumbi. Hakukuwa na vumbi, Tata. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Madam Prinsipali alipotangaza kwamba chuo kinajenga ukumbi wenye paa refu kwenda juu, na kwamba anataka ndege itundikwe humo ili kila mtoto wa Nyamira atakayeingia ainue kichwa, ulijitolea kabla hajamaliza sentensi. Ukanitoa na mimi. "Binti yangu ananyoosha bodi za magari pale Kisii mjini," ulimwambia. "Pikapu iliyogonga mti akiishika yeye, hata mti unasahau." Ulikuwa hujawahi kunisifu mbele ya watu. Kwa ajili ya sentensi ile moja niliiacha gereji yangu kila nilipopata nafasi, nikapanda mlima kuja kufanya kazi nawe.

Na nakumbuka Ijumaa zetu. Jua likianza kuegemea vilima, Sabato ikikaribia kuingia, ulikuwa unafuta spana moja moja, unafunga sanduku, unaosha mikono mpaka kwenye viwiko. Kuna siku ilikuwa imebaki ribiti moja kwenye ukingo wa bawa. Moja tu. Nyundo nilikuwa nayo mkononi.

"Hata hii moja, Tata?"

"Hata nusu yake."

Nilinuna njia nzima mpaka nyumbani. Wewe ulikuwa unapiga mluzi wa wimbo wa kanisa, umeridhika kabisa, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Ulipotuondokea sikwenda Nyaramba kwa muda. Watu wa chuo hawakunisumbua. Kisha asubuhi moja nilikuta Mama ameniwekea ovaroli yako juu ya kiti, imefuliwa na kupigwa pasi. Nani hupiga pasi ovaroli? Alikuwa anapuliza moto kana kwamba ovaroli imekuja yenyewe. Nikaivaa, nikakunja mikono na miguu, nikaenda.

Kulainisha mwili mzima kwa msasa kulinishinda peke yangu, nikawaita akina mama wa Tabaka, wale wanaosugua vinyago vya mawe kabla havijapelekwa kuuzwa. Unajua wanavyofanya: msasa na maji, msasa laini zaidi na maji tena, huku wakisengenya mtaa mzima. Walikaa na mabeseni yao kuizunguka ndege kama wamekuja kufua mtoni. Mmoja wao, Kwamboka, alipitisha kiganja kwenye bawa akatikisa kichwa. "Hii jiwe yenu ni laini," akasema, "lakini haina baridi." Walipomaliza, hata nzi angeteleza. Rangi ilishika vizuri, kijivu juu na nyeupe tumboni kama ulivyotaka. Kiraka chako sikukijaza wala sikukisawazisha. Ukijua pa kutazama utakiona chini ya rangi.

Halafu jambo lako moja likaniponza, na hili lazima nikwambie hata kama utanuna.

Ulikuwa umenichorea mahali pa kupitishia mikanda ya kuinyanyulia, pale ambapo ndege inakaa sawa bila kuinamia mbele wala nyuma. Niliiamini alama ile kuliko macho yangu. Siku tulipoijaribu kwa kapi za mnyororo, kuiinua kimo cha goti tu, pua ilishuka kama ya ng'ombe anayekunywa maji. Wanafunzi wakanitazama. Mimi nikaenda nyuma, nikachungulia ndani ya mkia, nikaanza kucheka. Tata, alama yako ilikuwa sahihi kabisa kwa ndege yenye injini! Injini ziliondolewa kabla haijaletwa kwetu, na uzito wake wote ulikuwa huko huko nyuma. Mikono yako ilikuwa bado inaikumbuka ile ya Nanyuki. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi, kisha nikalia kidogo, kisha nikapiga simu Tabaka. Walituletea mabaki yao ya mawe ndani ya magunia, vichwa vya viboko, sahani zilizopasuka, twiga wasio na shingo. Tukayashindilia mkiani, tukayafunga yasicheze, na ndege ikakaa sawa. Kwa hiyo jua kwamba ndege yako ya kivita leo imebeba viboko vilivyovunjika mahali pa injini. Ungekasirika siku nzima, halafu kesho yake ungelisimulia soko lote la Ikonge.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu.

Ndege haikuweza kupita mlangoni. Mkandarasi alikuwa ameacha ukuta mmoja wa ukumbi wazi ili iingilie hapo, na mvua kubwa ilikuwa imeanza kunukia. Akanijia na haraka zake. "Kemunto, hii ukuta mimi nafunga wiki ijayo. Maji ikiingia kwa hii sakafu ni mimi nitaulizwa." Sikuweza kumlaumu, sakafu ilikuwa mpya. Lakini ukuta ukifungwa ndege ikiwa nje, ingebaki nje. Na mvua zetu unazijua. Kutu ingeanza tena, na hakuna ambaye angeianza tena kazi ile. Mimi mwenyewe nisingeweza. Nguvu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kufikisha tu, ya kurudia sikuwa nayo.

Kreni iliyopatikana ilikuwa ile ya watu wanaojenga barabara. Dereva wake, kijana wa Nairobi, alinijibu kwenye simu kabla sijamaliza kuuliza. "Madam, Sato pekee ndio naweza kuja. Hizo siku zingine niko kwa barabara, bosi hawezi nikubalia." Nikamwomba Jumapili. Jumapili kreni ilikuwa inahamishwa kwenda kazi nyingine mbali. Ilikuwa Jumamosi au basi.

Jumamosi, Tata. Sabato.

Habari zilifika kanisani kabla yangu, kama kawaida ya habari zetu. Mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha langoni akanipa ruhusa ambayo sikuwa nimeiomba. "Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, si mtamtoa? Bwana mwenyewe alisema. Nenda umtoe ng'ombe wako, mwanangu." Nilifurahi, nakiri. Nilirudi nyumbani nikimkariri yule ng'ombe njia nzima, nikamwambia Mama. Alikuwa anachambua mboga ya chinsaga na hakuinua uso.

"Hiyo si ng'ombe," akasema. "Na shimo silioni."

Sasa nataka ujue kwamba ruhusa nilikuwa nayo. Ningekwenda, hakuna ambaye angenitenga. Lakini kila nilipojiona nimevaa ovaroli yako siku ile, nimekunja mikono yake, nimeshika spana zako ulizozifuta kila Ijumaa, mwili ulikataa. Na nilipojiona sikwenda, moyo ulikataa. Nilikukasirikia, Tata. Nilikuja pale kaburini nikakwambia maneno, na kama ulinisikia basi ulinisikia. Nilikuuliza mtu atamalizaje kazi ya mwenzake ikiwa mwisho wenyewe umeangukia siku ambayo mwenzake asingeigusa. Nilikuuliza kama unataka ikae nje ioze kwa heshima yako. Ng'ombe mmoja tu ndiye aliyenitazama kutoka upande wa pili wa ua.

Mama ndiye aliyepiga simu Malindi. Sikumtuma.

Mzee Rashidi nilimjua kwa hadithi zako, na kwa ile picha ambayo mmeketi wawili juu ya bawa mkila mahindi ya kuchoma. Mlikuwa kundi moja la mafundi kule Nanyuki. Wewe hukushika spana Jumamosi, yeye alitaka kwenda msikitini Ijumaa adhuhuri, basi mkapatana wenyewe kwa wenyewe: Jumamosi akushikie yeye, Ijumaa umshikie wewe. Mliishi hivyo mpaka mkastaafu. Ulikuwa ukisema hamkuwahi kukumbushana hata mara moja, na kwamba ukirudi Jumapili ulikuta kazi imeendelea kana kwamba hukutoka.

Mama akanipa simu. Ilikuwa sauti ya pwani, taratibu, ya mtu ambaye hakuna kinachomkimbiza.

"Binti yangu, pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mwenzangu. Mamako ameshanieleza shida yako. Ila mie nataka kukuuliza. Jumamosi imekuwa yako tangu lini? Jumamosi ni yangu."

Nilimrudishia Mama simu nikatoka nje, nikakaa kwenye jiwe la kunolea panga mpaka aliponiita kula.

Alifika Jumatano, mwembamba, amevaa sweta mbili na koti juu yake. "Baridi hii mnalala nayo vipi, shemeji?" ndilo neno lake la kwanza baada ya salamu na pole. Mama alikuwa na wasiwasi wa chakula tangu juzi yake. "Hapa nguruwe haingii, Rashidi," akamhakikishia hata kabla hajaketi. "Hata sisi hatuli. Hata harufu yake hatuijui." Kuku alichinjwa na Mzee Rashidi mwenyewe. Alikula ugali wa wimbi, akaonja chinsaga, akasema ina uchungu wa dawa ya minyoo, akaongeza. Waliketi na Mama wakikusengenya mpaka nikaona aibu kwa niaba yako. Sikujua kwamba uliwahi kujifungia nje ya nyumba ya kambini kwa waya wako mwenyewe.

Alhamisi nilimkabidhi kazi. Alikwenda moja kwa moja chini ya tumbo, akapapasa, akakipata kiraka. "Huyu alikuwa anapiga ribiti kama anashona kanzu," akasema, na akakaa hapo chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikamwonyesha mihimili ya paa iliyotiwa nguvu, mikanda, kamba za chuma, bolti zilizokwisha kazwa na zilizongoja. Tulifunga vitambaa vyekundu upande wa kushoto na vyeupe upande wa kulia, vijana wasije wakachanganya kelele zikianza. Nilipomweleza habari ya mkia alinikazia macho. "Mawe? Badala ya injini?" Alicheka akajishika kiuno. "Basi hii si ya Nanyuki tena. Hii sasa ni Mkisii." Watu wa kusaidia Jumamosi hawakukosekana. Wakatoliki wa Nyaramba walijiandikisha kana kwamba ni harusi.

Nilimpa kila kitu, lakini usidhani ilikuwa rahisi. Kumwonyesha mtu mwingine bolti ulizozikaza kwa mikono yako, ukijua wewe hutakuwapo zikibeba mzigo wake wa kwanza, kunauma. Kamba ikikatika nisingekuwapo. Ikipanda vizuri nisingekuwapo pia, na sijui lipi lilinisumbua zaidi.

Siku yenyewe, kanisani, nilijitafutia benchi karibu na dirisha. Mama akanihamisha. Tukiwa katikati ya wimbo tukaisikia kreni inapanda mlima, inaunguruma, inabadilisha gia pale kwenye kona. Kanisa zima liliisikia. Watu waligeuka wakanitazama, kisha wakaimba kwa nguvu zaidi, nadhani kwa ajili yangu. Mahubiri yalikuwa ya Nuhu na safina, na sikumsikia hata mnyama mmoja akiingia. Kichwani nilikuwa napitisha mikanda. Nilikuwa naiona inaacha ardhi, inapita kwenye lile tundu la ukutani, bawa la kulia likikaribia nguzo, na mimi nasema polepole, polepole. Vidole vyangu vilikuwa vinakaza nati mapajani. Mama aliuweka mkono wake juu ya yangu akauacha hapo hapo.

Na hapo, Tata, kitu kikalegea ndani yangu. Maisha yangu yote nilidhani Sabato kwako ilikuwa siku ya kujinyima, na ukaidi kidogo juu yake. Sikuwahi kufikiri kwamba kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi, ulikuwa unaiacha kazi yako haijaisha mikononi mwa mtu mwingine, unakwenda kuketi, na unalala usingizi. Mimi katika gereji yangu sijawahi kumwachia mtu hata kupaka rangi mlango wa gari. Nilikaa pale nikamwachia Mzee Rashidi ndege. Kwanza kwa meno yaliyoumana, kisha kweli kweli. Wimbo wa mwisho niliuimba wote, na Mama akanitazama kwa pembe ya jicho.

Jua lilipozama nilikuwa nimeshafika langoni mwa chuo. Kutembea si kazi, usiniambie. Kreni ilikuwa imeondoka, imeacha alama za matairi kwenye matope. Niliingia kwa lile tundu la ukuta.

Ilikuwa juu. Sitaipamba, wewe mwenyewe ulichukia watu wanaopamba. Magurudumu yamekunjwa ndani, pua imeinuka kidogo, bawa moja limelala chini kuliko lingine kana kwamba inakata kona kuelekea mashamba ya chai. Nimeishi na ndege ile miaka mingi ikiwa kitu cha kuinamia, kitu cha kulalia mgongo chini yake, na kwa mara ya kwanza niliiona kama walivyokuwa wakiiona watu ulipomaliza kazi yako nayo ikaruka.

Chini yake Mzee Rashidi alikuwa ametandika boksi lililofunguliwa, anaswali Magharibi. Sabato yangu ilikuwa inatoka wakati sala yake inaingia. Nilivua viatu bila kujua kwa nini, nikasimama pembeni nikamngoja.

Alipomaliza alikunja boksi lake taratibu. "Imepanda yenyewe," akaniambia. "Mie kazi yangu ilikuwa kusema polepole." Kisha akatoa mfukoni koleo na kipande cha waya. Bolti zote alikuwa amezifunga waya isipokuwa moja, ya kamba ya bawa la kushoto, ambayo aliizuia kwa nati ya pili tu. "Ile sikuigusa," akasema. "Mwenye kazi alikuwa hajafika."

Nikapanda jukwaa la mafundi. Nilipitisha waya, nikausokota ulivyonifundisha, ukivuta upande wa kukaza na si upande wa kulegeza. Nilipomaliza nililaza shavu langu kwenye bawa. Lilikuwa bado na joto la mchana, na nilikaa nalo mpaka likapoa.

Jumapili nikamleta Mama. Miaka yote hii hakukanyaga pale, kwa sababu, alivyokuwa akiwaambia majirani, mtu hamtembelei mke mwenza bila kualikwa. Alisimama katikati ya ukumbi na mkoba wake, akainua shingo, akaiangalia kutoka pua hadi mkia. Nilidhani atalia. "Kumbe alikuwa mzuri," akasema. "Basi na yeye amepata nyumba yake." Akaketi kwenye kiti cha fundi, akauliza kama kuna chai.

Ukuta umeshafungwa. Mvua imekuja kwa hasira zote, inapiga mabati mpaka mwalimu anafundisha kwa ishara, na ndege ni kavu. Wanafunzi wakiingia asubuhi huinua vichwa wakagongana mlangoni. Madam Prinsipali anajifanya kukasirika, lakini nimemwona na yeye akijikwaa.

Na sasa habari ya mwisho. Madam amemwomba Mzee Rashidi abaki muhula mmoja awafundishe vijana kazi ya mwili wa ndege. Amekubali, analaumu chai ya Mama. Amepewa chumba nyumba za walimu na anashinda analalamikia baridi kwa furaha kubwa. Lakini ratiba imeweka somo lake moja Ijumaa adhuhuri, na msikiti uko Nyamira mjini. Madam alikuwa tayari kulifuta somo lile. Tulikuwa wote watatu ofisini. Mzee Rashidi hakusema kitu. Hakunitazama hata kidogo, alikuwa anaangalia mvua dirishani, na hapo ndipo nilipoelewa ulichomaanisha uliposema hamkuwahi kukumbushana.

Nikamwambia Madam asilifute. Nimeshaandika kwenye mlango wa gereji kule Kisii kwamba Ijumaa hatufungui. Wateja watanung'unika, halafu watazoea. Kufundisha sijawahi, na ninaogopa kidogo wale vijana na maswali yao, lakini ribiti nazijua na waya naujua.

Kesho ni Ijumaa ya kwanza. Nimeshafua ovaroli, na ndiyo, nimeipiga pasi.

Lala vizuri, Tata. Nakuahidi kwamba muda wote atakaokuwa kwetu, Mzee Rashidi ataondoka hapa adhuhuri ya Ijumaa bila kugeuka nyuma, na akirudi atakuta kazi imeendelea kana kwamba hakutoka. Pumzika.

Zamu yako nimeishika.

Binti yako,
Kemunto